Mkabaji Huanzia Miguuni

Tangu jicho lione mshambuliaji anageuka hadi misuli ya mguu ianze kuitika, hupita takriban robo ya sekunde. Kwa muda huo mwanafunzi anayekimbia mita 4 kwa sekunde keshasogea mita nzima. Mkabaji anayengoja aone chenga ndipo aijibu ataachwa tu, hata awe na mbio namna gani. Mwalimu wa mpira wa kikapu shuleni aanze na robo hiyo ya sekunde kabla hajagusia habari za kupora mpira.

Kwanza, awafundishe pa kutazama. Macho, mabega na mpira vyote hudanganya. Kiuno hakiwezi: kitovu cha uzito wa mwili kiko karibu na hapo, na hakuna anayekwenda kushoto akakiacha kiuno chake kulia. Anayekaza macho kiunoni hajiongezei kasi, ila haipotezi robo yake ya sekunde kwa kuujibu uongo.

Kisha mkao: miguu ipanuliwe kupita mabega kidogo, magoti yakunjwe, uzito uwe mbele ya nyayo. Anayetaka kwenda kulia husukuma sakafu kwa mguu wa kushoto, nayo sakafu humsukuma kulia. Ni kanuni ya tatu ya Newton, ile ile ya darasa la fizikia. Goti lililonyooka halina nguvu ya kusukuma mpaka likunjwe kwanza, na hapo mshambuliaji ameshapita. Miguu ikipishana ni vivyo hivyo.

Zoezi ninaloliamini kuliko yote halihitaji hata goli. Wanafunzi wawili, mpira mmoja, mkabaji amefumbata mikono nyuma ya mgongo. Akinyimwa mikono, hana budi kukaba kwa miguu, na ile tamaa ya kurusha mkono, inayozaa faulo nyingi za wanaoanza, hupungua.

Shule nyingi humtafuta mwanafunzi mrefu zikadhani zimepata ulinzi. Ni kweli Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.2, alisifika kwa kuzuia mipira katika Chuo Kikuu cha Connecticut hadi akachaguliwa wa pili NBA mwaka 2009. Lakini urefu haufundishiki, miguu inafundishika.

Tena ilindwe miguu yenyewe. Wasichana waliobalehe huumia kano ya ndani ya goti mara nyingi kuliko wavulana, kwa hiyo kutua kwa miguu yote miwili, magoti yakiwa yamekunjwa bila kuinamia ndani, kufundishwe kila siku ya mazoezi.

Mwisho ni sauti, ambayo makocha wengi huisahau. Mwili huitikia sauti upesi kuliko unavyoitikia kinachoonwa, na mkabaji aliyezibwa na mchezaji nyuma yake hana macho kisogoni. Mwenzake ndiye wa kumwambia. Wanafunzi wenye haya huanza kwa kunong'ona. Wapeni maneno mafupi, “kulia”, “kushoto”, “nipo”, na msiendelee na zoezi mpaka yasikike upande wa pili wa uwanja.