Msimbo P0455: Dalili Inaposomwa Kama Hukumu

Makala haya yanakusudia kueleza hitilafu moja ya gari ambayo aghalabu humgharimu mwenye gari kuliko inavyostahili, kwa sababu tu dalili yake imesomwa vibaya.

Petroli hugeuka mvuke hata gari likiwa limeegeshwa. Mvuke huo ukiachwa huru huichafua hewa, na ndiposa jimbo la California, Marekani, likataka magari ya mwaka 1970 yauzuie. Tangu hapo, mvuke hutoka tangini kwa mpira hadi kwenye mkebe wenye chembe za mkaa, ukanaswa humo. Injini ikishawaka, vali moja hufunguka ili mvuke uvutwe na kuteketezwa injinini. Vali ya pili huingiza hewa safi mkebeni. Katika magari mengi, kompyuta huufunga mfumo huu mara kwa mara na kupima iwapo shinikizo linadumu. Lisipodumu, taa ya injini huwaka.

Mwanaisimu atavutiwa na msimbo unaosomwa na mashine ya fundi, kwani huchanganulika kama kitenzi. Katika P0455, P huashiria injini na gia. 0, kwamba msimbo ni wa watengenezaji wote. 4, vidhibiti vya uchafuzi. 55, uvujaji mkubwa. P0456 nao ni wa uvujaji mdogo sana, wa tundu la takriban nusu milimita. Lakini hakuna mofimu inayotaja kipuri kilichoharibika! Mjomba wangu aliuziwa mkebe mzima kwa ajili ya P0455. Baada ya juma moja taa ikawaka tena. Kumbe mpira wa kifuniko cha tangi ulikuwa umepasuka. Sisemi fundi yule alikuwa laghai. Alisoma msimbo, akakomea hapo.

Uchunguzi wa busara huanzia penye gharama ndogo: kifuniko na mpira wake, kisha mipira inayounganisha tangi, mkebe na injini, ambayo hukauka na kupasuka. Vali huchomolewa injini ikiwa imezimwa na kupoa. Ile ya kuelekea injinini haipaswi kupitisha hewa ikipulizwa. Ile ya hewa safi, kwa kawaida, hupitisha. Ya kwanza ikikwama wazi, gari huwa gumu kuwaka punde baada ya kutiwa petroli. Tundu lisiloonekana hutafutwa kwa mashine ya moshi, ambayo husukuma moshi kwa shinikizo dogo mno hadi utokeze penye ufa. Kamwe usimulike kwa kiberiti.

Mkebe hubadilishwa ukiwa umepasuka au umelowa petroli, jambo linalosababishwa mara nyingi na mazoea ya kuongeza mafuta baada ya pampu kujizima yenyewe. Ukishatengeneza, futa msimbo na uendeshe gari siku kadhaa tangi likiwa nusu hivi, maana likijaa pomoni au kukaribia kukauka kompyuta nyingi hazipimi, na taa iliyozimika huwa haijathibitisha lolote.