Vifaru wetu nao walikuwa wakimbizi

Na Mwandishi Maalumu, Mvara

UKISIMAMA mjini Arua asubuhi na kuwasikiliza makondakta wakiita abiria, utasikia Koboko, Vurra, Pakwach, Kampala, kisha utasikia Rhino Camp. Jina hilo tumelizoea mno. Wengi wetu tukilisikia tunafikiria mahema, foleni za posho na ndugu zetu waliokimbia vita Sudan Kusini. Ni wachache wanaokumbuka maana yake, yaani kambi ya vifaru.

Mimi nilikumbushwa na mtoto. Mwaka mmoja tuliwapeleka wanafunzi wetu wa Mvara kuzuru bustani ya wanyama ya Entebbe, safari ya usiku kucha kwa basi. Tulipofika kwenye ua wa vifaru, msichana mmoja alinivuta mkono akaniuliza, "Mwalimu, kama Rhino Camp iko kwetu, mbona kifaru yuko huku?"

Nilimwambia nitamjibu baadaye. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu la kutosha. Nimelitafuta tangu siku ile, na ninalitoa hapa kwa sababu naamini linawahusu watu wawili: yule aliyerudi kutoka uhamishoni, na yule anayevuka mpaka kila wiki na mzigo.

Kambi ya wawindaji

Mnamo Januari 1910, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani kama Rais wa Marekani mwaka uliotangulia, alifika kwa mashua kwenye ukingo wa magharibi wa Nile. Eneo letu wakati huo lilikuwa sehemu ya Lado, mikononi mwa Wabelgiji. Liliunganishwa na Uganda mwaka 1914. Alikuja kutafuta kifaru mweupe. Yeye na mwanawe Kermit waliua tisa, baba watano na mwana wanne, na vielelezo vikapelekwa kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington.

Kwa nini aje hadi huku? Kwa sababu katika Uganda yote, kifaru mweupe aliishi upande mmoja tu wa mto, nao ni upande wetu. Ng'ambo ya mashariki hakuwapo. Hifadhi ya Ajai, ambayo leo iko wilaya ya Madi-Okollo, ndiyo iliyokuwa makao yake makuu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya ujangili kuzidi, serikali ilikamata vifaru kadhaa huku West Nile na kuwavusha hadi mbuga ya Murchison Falls ili wazaane mahali salama. Walizaana kweli. Lakini ulipofika mwaka 1979 na vita vilivyomwondoa Idi Amin, bunduki zilitapakaa kila mahali. Kufikia 1983, Uganda haikuwa na kifaru hata mmoja porini, si mweupe wala mweusi.

Msomaji aliyezaliwa huku ataiona miaka hiyo na kutikisa kichwa. Ndiyo miaka yetu. Mwishoni mwa 1980 ndipo sisi tulipovuka kwa maelfu kuingia Zaire na Sudan, mimi nikiwa mgongoni mwa mama. Mwaka huohuo wa 1980 ndipo Rhino Camp ilipofunguliwa kuwapokea wakimbizi wa Kisudani. Wenye nyumba walikuwa wanatoka huku wageni wanaingia.

Damu ya Uganda ng'ambo ya bahari

Hata hivyo, si vifaru wote walioisha. Wachache walikuwa wamekwisha kusafirishwa. Jike mmoja aliyeitwa Nasima alikamatwa Uganda, akapelekwa Uingereza, kisha mwaka 1977 akahamishiwa bustani ya wanyama ya Dvůr Králové katika nchi iliyoitwa Czechoslovakia. Huko, kwenye baridi na theluji, akazaa. Mwaka 1989 alimzaa Najin, ambaye baba yake alikuwa dume aitwaye Sudan, aliyekamatwa Shambe kusini mwa Sudan mwaka 1975. Najin naye akamzaa Fatu mwaka 2000.

Desemba 2009 vifaru wanne wa bustani hiyo, wakiwemo Sudan, Najin na Fatu, walirudishwa Afrika, katika hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya. Ilitumainiwa kwamba jua na nyasi za nyumbani zingewafanya wazae tena. Haikuwa hivyo. Sudan alikufa Machi 2018 akiwa na miaka 45, naye ndiye dume wa mwisho wa aina yake, kifaru mweupe wa kaskazini. Wakabaki majike wawili, Najin na Fatu, mama na binti. Tangu 2019 wataalamu wamekuwa wakichukua mayai, mwanzoni ya wote wawili na tangu 2021 ya Fatu peke yake, na kuyarutubisha katika maabara nchini Italia kwa mbegu zilizogandishwa za madume waliokwisha kufa, wakitafuta njia ya kuwapandikizia majike wa aina ya kusini.

Kwa maneno mengine, wa mwisho wa ukoo huo duniani wana bibi aliyetoka Uganda.

Entebbe ilivyobadilika

Sasa turudi kwenye ua ule wa Entebbe. Bustani ile ilianzishwa mwaka 1952 na serikali ya kikoloni kama makao ya wanyama yatima, wagonjwa na waliojeruhiwa. Baadaye ikawa bustani ya kutazamia wanyama: vizimba vya chuma, sakafu ya saruji, na mnyama akizunguka palepale. Katika miaka ya vita iliporomoka kama ilivyoporomoka kila kitu cha umma.

Mageuzi yalianza mwaka 1994, ilipofanywa Kituo cha Elimu ya Wanyamapori cha Uganda. Vizimba vilianza kuachiwa nyua pana zinazofanana na mahali mnyama atokako: savana, msitu, na kinamasi cha yule korongo mwenye mdomo kama kiatu, ambaye ndugu zetu waliokulia Sudan wanamjua kwa jina la abu markub.

Mwaka 1998 sokwe 19 walitolewa pale wakapelekwa kisiwa cha Ngamba katika Ziwa Victoria, wakapate msitu wa kupanda. Mzee wao mashuhuri aliyebaki Entebbe, Zakayo, alikufa Aprili 2018 akiwa na umri wa miaka 54, na magazeti yakamwandikia tanzia kama ya mzee wa kijiji.

Mabadiliko makubwa kwetu sisi yalikuja mwaka 2001. Vifaru weupe wawili, Kabira na Sherino, waliletwa kutoka ranchi ya Solio nchini Kenya. Walikuwa wa kwanza kukanyaga ardhi ya Uganda tangu wetu walipokwisha. Watoto wa shule waliozaliwa baada ya vita waliweza kumwona kifaru kwa macho badala ya kwenye nembo na vitabu.

Kutoka hapo safari ikaendelea. Mwaka 2005 wanne wengine wa Solio walipelekwa Ziwa, wilaya ya Nakasongola, na mwaka 2006 wakafuata wawili kutoka bustani ya Disney huko Florida, Marekani. Juni 2009 alizaliwa ndama wa kwanza, baba Mkenya na mama Mmarekani. Wakampa jina la Obama, na sidhani kuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Ziwa sasa ina vifaru zaidi ya 40. Mfanyabiashara unayesafiri kati ya Arua na Kampala unapita karibu nao kila safari: ukifika Nakitoma usiku, ukiwa umelala kichwa juu ya mfuko wako, wao wako pembeni wanalindwa na askari saa 24.

Lazima niseme jambo moja wazi. Hawa wa Ziwa ni kifaru mweupe wa kusini, si wa kaskazini kama waliokuwa Ajai. Ni jamaa wa karibu, lakini si walewale. Wapo wanaosema kwa hiyo hawa si vifaru wetu. Mimi niliyerudi nikiwa na Kifaransa cha shule za Zaire na Bangala ya sokoni, huku Kilugbara changu kikichekwa na watoto wa jirani, nasita kumwambia yeyote kwamba yeye si wa hapa.

Tundu la kasuku

Lakini si kila mnyama wa Entebbe alifika kwa sherehe. Tangu 1952 kituo kile kimekuwa kikipokea wanyama waliokamatwa mikononi mwa wafanyabiashara wa magendo, na hapo ndipo ninapoinamisha kichwa.

Nilipokuwa na miaka kumi hivi, tukiwa bado Zaire, mfanyabiashara mmoja katika soko la Ariwara alinipa kazi. Alikuwa na tundu la fito lililofunikwa kanga, na ndani yake kasuku wa kijivu, wale wenye mkia mwekundu, wameletwa kutoka misitu ya ndani. Nilitakiwa kulivusha kwa njia ya mashambani, kwa kuwa mtoto mwenye tundu hashukiwi. Nilipofika ng'ambo wawili walikuwa wamekufa. Aliyelipokea aliwatupa majanini, akahesabu waliobaki, akanipa daftari mbili na kalamu. Nilizitumia daftari zile muhula mzima.

Siku hizo tuliona ni biashara kama ya kahawa au sigara. Leo mambo ni tofauti. Mwaka 2016, katika mkutano wa mkataba wa CITES mjini Johannesburg, nchi zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wanaokamatwa porini, na vilevile ya kakakuona wa aina zote. Aprili 2022 mtu alikamatwa Kibaya-Bunagana, wilaya ya Kisoro, akiwa na kasuku 122 waliotolewa Kongo.

Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 haina mchezo. Kwa wanyama walio hatarini kutoweka, adhabu inaweza kufika faini ya shilingi bilioni 20, au kifungo cha maisha, au vyote viwili. Oktoba 2022 mahakama ya Kampala inayoshughulikia kesi za wanyamapori ilimhukumu mtu kifungo cha maisha kwa kukutwa na pembe za ndovu.

Ndugu zangu wa Vurra, Lia na Oraba, najua mipaka ile ilichorwa bila kutuuliza, na kwamba shangazi yako anaweza kuwa upande mmoja na shamba lake upande wa pili. Kuvusha sabuni na mihogo kumetulisha. Lakini anayekuletea gunia la magamba ya kakakuona au tundu lililofunikwa kanga hakukuletea biashara. Amekukabidhi kesi yake uibebe wewe, kama mimi nilivyobebeshwa.

Je, Ajai tuko tayari?

Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda imekwisha kutangaza kwamba Ajai ni mojawapo ya maeneo yaliyochaguliwa kupokea vifaru kutoka Ziwa. Hii ndiyo hatua ya mwisho ya safari niliyoieleza: Solio, Entebbe, Ziwa, nyumbani.

Ni habari njema, ila tusiipokee kwa ngoma tu. Sisi tuliorudi tunajua kurudi kulivyo. Tulikuta mipaka ya mashamba imehama na watu wanalima palipokuwa na makaburi yetu. Kifaru naye atakuta watu wanaotafuta malisho, kuni na samaki kandokando ya Ajai. Wakizungushiwa ua bila kuketishwa na kusikilizwa, watamwona mnyama huyo kama mporaji wa ardhi, na jangili atapata wa kumwonyesha njia.

Sheria inataka asilimia 20 ya fedha za viingilio vya hifadhi ziende kwa serikali za mitaa za jirani kwa ajili ya wananchi. Wazee wa Madi-Okollo wana haki ya kuuliza fedha hizo zitapita mikono ya nani, na vijana wa huko wana haki ya kuwa wa kwanza kuajiriwa kuwa walinzi. Tuulize mapema, kwenye mikutano, si baada ya ndovu au kifaru kuingia shambani.

Msichana wa swali lile amekwisha kumaliza shule. Nikikutana naye nitamjibu hivi: kifaru alikuwa huku kwetu, akauawa na kukimbizwa katika miaka ileile tuliyokimbizwa sisi, akalelewa ugenini, na Entebbe palikuwa kituo chake cha mapokezi. Kisha nitamwomba aende Ajai akajionee mwenyewe, maana ni karibu kuliko Entebbe.