Simile ya Hamali na Honi ya Pikipiki

Usiku mmoja wa Ramadhani iliyopita nilikuwa nikirudi kutoka msikitini baada ya tarawehe, nimemshika mkono mjukuu wangu wa miaka saba. Tulikuwa tukipita katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, ambako baraza za nyumba zatazamana na njia ni nyembamba. Ghafla honi ya pikipiki ikalia nyuma yetu, karibu mno. Mabega yalinipanda, macho yakafumba, miguu ikaganda. Mtoto alinichomoka mkononi akarukia katikati ya njia. Mwenye pikipiki alipinda, akaparuza ukuta, akaenda zake. Alhamdulillahi, mtoto hakuguswa.

Hatukufika mbali tukasikia sauti nyingine: "Simile! Simile, wazee!" Alikuwa hamali na mkokoteni wake uliojaa magunia. Sote tukajibana barazani, akapita.

"Babu," mjukuu wangu akauliza, "mbona yule alitushtua na huyu hakutushtua, na wote wamepiga kelele?"

Swali la mtoto, lakini jawabu lake si la kitoto.

Sikio ni mjumbe mwepesi kuliko jicho. Mtu aliye tayari akionyeshwa taa hujibu kwa kiasi cha sehemu 18 hadi 20 za mia za sekunde, lakini akisikia sauti hujibu kwa sehemu 14 hadi 16 hivi. Na sauti ikiwa kubwa na ya ghafla, mwili haungoji hata shauri la akili. Habari hukatia njia chini ya ubongo, kope zikaanza kufumba kwa sehemu 3 hadi 5 tu za mia, shingo ikajikunja na mabega yakapanda. Hiyo ni kinga aliyotuumbia Mola, lakini ni kinga ya kujikunyata, si ya kukimbia.

Hata hivyo mshtuko una faida yake. Mwaka 1999 Josep Valls-Solé wa Barcelona na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mtu aliyekwisha kujiandaa kufanya jambo fulani, akishtuliwa na mlio mkubwa, hulifanya jambo lile lile upesi kuliko kawaida yake. Katika mashindano makubwa ya mbio huwekwa kipaza sauti nyuma ya kila mkimbiaji, ili mlio uwafikie wote sawasawa, asipunjwe aliye mbali na bastola. Na anayeondoka kabla ya sehemu 10 za mia kupita huhesabiwa amewahi mlio.

Basi siri ni hii, msomaji wangu: mlio wa ghafla humharakisha aliyekwisha kujua la kufanya. Asiyejua humgandisha, au humrusha asikokujua.

Hamali huanza kuita angali mbali, akarudia na kurudia, hata anapofika hakuna wa kushtuka. Tena neno lake lina maana. Wapo wasemao asili yake ni Bismillahi. Sisi tumelisikia tangu utotoni, na kila alisikiaye mwili wake wajua pa kwenda. Honi ya mgongoni haimwambii mtu aende kushoto wala kulia.

Enyi vijana wenye pikipiki, punguzeni mwendo vichochoroni, mpige honi ndogo mkiwa mbali. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Msitufanye sote tuwe waoga wa njia zetu wenyewe.

Mimi nami nimefanya langu. Kila tutokapo na mjukuu wangu, nasema ghafla, "Simile!" naye hukimbilia ukutani huku akicheka. Juma la pili la mchezo wetu, honi ililia tena nyuma yetu. Nilipogeuka kumtafuta mtoto, alikuwa amekwisha kusimama barazani, ananivuta kanzu.