Washikaji wawili, pikipiki moja, mbuga isiyo na mwisho

Hivi ukiambiwa uchague mtu mmoja tu wa kupakizana naye kwenye pikipiki kuukuu, mkatishe mbuga kwa majuma kadhaa, mfukoni hela za kubangaiza na fundi hayupo, ungemchukua nani? Usijibu haraka, mpenzi msomaji. Mshikaji wa kupiga naye soga kijiweni ni mmoja, na mshikaji wa kulala naye porini pikipiki ikiwa imezima ni mwingine kabisa.

Vijana wawili wa Argentina walilijibu swali hilo Januari 1952. Mmoja wao unamjua hata kama hujawahi kusoma habari zake, maana sura yake imejaa kwenye fulana na nyuma ya mabasi, kofia ya bereti na nyota kichwani. Naam, Che Guevara. Huyo huyo ambaye mwaka 1965 alipita Dar es Salaam kimyakimya, akaenda Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika kwenda kupigana Kongo, na safari hiyo akapewa jina la Kiswahili: Tatu. Hakuna fumbo hapo, wenzake wawili waliitwa Moja na Mbili.

Ila mwaka 1952 alikuwa bado Ernesto tu, mwanafunzi wa udaktari wa miaka 23, mgonjwa wa pumu tangu utotoni, mtanashati wa sura lakini mvivu wa kufua shati. Mwenzake, Alberto Granado, alikuwa na miaka 29, mtaalamu wa baiokemia aliyekuwa akifanya kazi kwenye hospitali ya wagonjwa wa ukoma. Mfupi, mcheshi, anayependa mvinyo na totozi. Pikipiki ilikuwa ya Alberto: Norton ya Kiingereza, cc 500, ya mwaka 1939. Aliibatiza La Poderosa II, yaani Mwenye Nguvu wa Pili. Wa Kwanza ilikuwa baiskeli.

Basi huyo Mwenye Nguvu alikuwa hoi tangu siku ya kwanza. Nyuma walirundika mizigo, hema na vitanda vya kukunja, mpaka gurudumu la mbele likawa linataka kuruka juu na usukani haushikiki. Sisi tuliozoea mishikaki ya bodaboda tunaweza kucheka, lakini mishikaki yetu ni ya Ubungo mpaka Kimara. Hawa jamaa walikuwa wanatoka Buenos Aires kwenda Bariloche, chini ya milima ya Andes, zaidi ya kilomita 1,500. Hiyo ni mbali kuliko Dar mpaka Mwanza, na njia nyingi ilikuwa vumbi na mchanga mtupu.

Na kilichotangulia kuwatia majaribuni hakikuwa barabara. Kilikuwa demu.

Ernesto alikuwa na mchumba, Chichina, mtoto wa ushuani, familia yenye mali nyingi. Alikuwa mapumzikoni Miramar, mji wa ufukweni kusini ya Buenos Aires. Ernesto akamwendea na zawadi: kijibwa alichokiita Comeback, neno la Kiingereza lenye maana ya “rudi”, ili binti aelewe kuwa mwenye mbwa atarudi. Kijibwa chenyewe kilisafirishwa kwenye pikipiki, kikachomoka njiani, kikakanyagwa na farasi, kikaharisha, lakini kikafika.

Walipanga kukaa Miramar siku 2. Wakakaa 8. Kijana kalaza kichwa mapajani kwa mtoto wa watu, anampapasa mkono, safari imeyeyuka. Sasa mfikirie Alberto. Pikipiki ni yake, kazi kaiaga, na kila asubuhi anamwona mwenzake anazidi kuzama. Ernesto mwenyewe aliandika baadaye katika kumbukumbu zake kwamba Alberto alishaanza kujiona peke yake barabarani. Alinyamaza. Hakumsusia wala hakumtolea maneno ya kashfa yule binti. Mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia, maana wengi wetu tungeshaanza: “Oya, mwanamke na safari chagua kimoja!”

Siku ya 8 Ernesto akapanda pikipiki. Chichina alimpa dola 15 amletee zawadi akifika Marekani. Hakumwahidi kwamba atamngoja.

Baada ya mji wa Bahía Blanca ndipo mambo yakawa mambo. Kule ndiko zinakoanza kukauka zile mbuga za Argentina zinazoitwa pampas, neno la Kikechua lenye maana ya nchi tambarare. Ni mbuga kweli. Hakuna kilima cha kupumzishia jicho, ni majani na ng'ombe, halafu majani yanapungua, mchanga unaongezeka, na upepo haukati. Kitu kilichosimama wima ni nguzo za simu tu. Ukiendesha kutwa nzima unaona kama hujasogea.

Kwenye mchanga pikipiki ilikuwa inawatupa chini kila mara. Ernesto aliwahi kubanwa mguu chini ya silinda ya moto, ukaungua, kidonda kikakaa siku nyingi bila kupona. Kisha mvua ikawashukia. Wakaona nyumba ya shamba la mifugo na kukata kona kuifuata, mita kama 300 tu za matope, na katika hizo 300 wakala mwereka mara 2. Matairi yakawa yanapasuka ovyo. Vifaa hakuna, hivyo Alberto akawa na dawa moja kwa maradhi yote: waya. Penye skrubu aliweka waya, na waya ukishika hataki kusikia habari ya skrubu tena. Fundi wa Gerezani angemwajiri.

Usiku mmoja upepo ulikataa kabisa hema lisisimame. Vigingi having'ati mchangani. Wakaifunga pikipiki kwenye nguzo ya simu, wakaitandikia hema liwe ukuta, wakalala nyuma yake kama kuku waliolowa. Hebu jiulize nani kati ya rafiki zako angeamka asubuhi ya namna hiyo bila kukununia.

Walipokaribia mji wa Choele Choel Ernesto akashikwa na homa kali, anatetemeka kwenye pikipiki huku Alberto anaendesha. Akalazwa hospitali siku chache, akapigwa penisilini. Alberto akangoja.

Na kibuti kikaja. Bariloche, baada ya mbuga yote ile, Ernesto alikuta barua ya Chichina posta. Ameamua kutomngoja. Jamaa aliisoma, akaisoma tena. Unaweza kusema binti alikuwa na roho ngumu, mimi sioni hivyo. Mtu aliyekuachia kijibwa na kuondoka kwa pikipiki kuzunguka bara zima, umngoje kwa sababu gani? Lakini kijana aliumia, na aliyekuwa naye usiku huo ni yule yule aliyenyamaza Miramar.

Siyo kwamba walikuwa malaika. Huko huko karibu na milima walilazwa kwenye banda na wenyeji wakaambiwa kuna chui wa milimani anarandaranda. Usiku Ernesto akaona macho mawili yanang'aa mlangoni, akafyatua bastola. Kulipokucha marehemu alikuwa mbwa kipenzi wa mwenye nyumba. Waliondoka mke wa nyumba analia. Na walipovuka kuingia Chile, katika mji wa Lautaro, Ernesto aliyekwishalewa alimvuta mke wa fundi mmoja atoke naye nje ya dansi. Mama wa watu akapiga kelele, washikaji wakatimua mbio kijiji kizima nyuma yao. Katika mbio hizo Alberto alikuwa hana kosa hata moja, lakini alikimbia.

Poderosa ilikata roho huko huko Chile. Breki zilikwisha mteremkoni nusura iwaue, kisha kwenye mlima mmoja ikagoma moja kwa moja. Ikapandishwa lori mpaka Santiago na kuachwa hapo. Ilikuwa imewachukua miezi 2 tu. Waliendelea kwa lifti za malori, meli, chelezo na miguu: migodi ya shaba ya Chuquicamata, Machu Picchu, kambi ya wakoma ya San Pablo nchini Peru. Ukiangalia filamu ya mwaka 2004 iliyotengenezwa na Walter Salles kuhusu safari hii, sehemu hiyo ndiyo inayoliza watu. Mimi bado napenda ile ya mbuga, ambapo hakuna cha kuona isipokuwa mgongo wa mwenzako.

Waliagana Caracas, Venezuela, Julai 1952. Alberto alipata kazi huko. Ernesto akarudi nyumbani kumaliza udaktari, akaahidi kumfuata akimaliza. Hakumfuata. Alipita Guatemala, akafika Mexico, akakutana na Fidel Castro, na mengine ndiyo hayo yaliyo kwenye fulana.

Walionana tena Havana mwaka 1960, mmoja sasa ni mkuu wa Benki ya Taifa ya Kuba, anayesaini noti “Che” basi. Mwaka 1961 Alberto akahamia Kuba na familia yake kufundisha na kufanya utafiti. Na mwaka 1965, kabla ya Che kuondoka kwa siri kuja huku kwetu Afrika, alimwachia Alberto kitabu chenye maneno machache ya kuaga ndani.

Che aliuawa Bolivia Oktoba 9, 1967. Alberto aliishi Havana mpaka Machi 5, 2011, akiwa na miaka 88.