MKONO MMOJA, KARATA HAMSINI NA MBILI

Na mwanachama wa Kidato cha 3 Mashariki

Mpenzi msomaji, kabla hujaniita mchawi, nipe nafasi nijieleze.

Muhula wa kwanza mwaka huu alikuja shuleni mwetu mwanamazingaombwe mmoja. Tulilipa shilingi ishirini kila mtu, tukajazana bwaloni mpaka wengine wakaning'inia madirishani. Jamaa alitoa sarafu kwenye sikio la kiranja. Akatafuna karatasi, kisha akavuta kinywani utepe wa rangi uliofika kutoka jukwaani hadi mlango wa jikoni. Tulipiga makofi hadi viganja vikawaka moto. Lakini kesho yake maneno yakageuka. Eti ana majini. Eti sikio la kiranja litaziba. Msichana mmoja wa Kidato cha Kwanza alikataa katakata kukalia benchi ambalo jamaa alikuwa ameweka mkoba wake.

Mimi nilicheka, kumbe langu lilikuwa njiani. Nilikuwa nikijifunza michezo ya karata kwa siri, na pakiti yangu niliificha chini ya godoro. Mama alipokuwa akitandika akaiona. Hakuuliza mara mbili. Aliitia mekoni, kopa, uru, shupaza na pau, zote zikachemsha chai ya jioni. "Nyumba hii haina kamari wala uchawi," akasema. Sikuwa na jibu. Mwalimu mlezi wa chama chetu aliposikia kisa hicho aliniambia, "Usibishane na mama yako. Andika." Basi ndiyo haya.

Kwanza litazame neno lenyewe: kiinimacho. Wazee walioliunda walijua walisemalo. Kinachochezewa ni jicho, wala si roho. Na anayechezea jicho hana budi kujifunza, kama vile fundi cherehani anavyojifunza kukata kola. Mimi nililijua hilo kwa mtu mmoja ambaye nilionyeshwa na binamu yangu kwenye simu yake. Mzee wa nywele nyeupe, suti safi, kaketi mezani na karata zake, mkono wa kulia kautia mfukoni. Nilidhani ni maringo. Binamu akaniambia, "Huo mkono haupo."

Mzee huyo ni René Lavand. Jina lake la kuzaliwa ni Héctor René Lavandera, na alizaliwa Buenos Aires, mji mkuu wa Ajentina, mwaka wa 1928. Akiwa na umri wa miaka saba alipelekwa kumtazama mwanamazingaombwe mmoja maarufu aliyejiita Chang, na tangu siku hiyo akawa hana habari na mchezo mwingine. Alipofika miaka tisa gari likamkanyaga. Mkono wa kulia ukaondoka. Nao ndio uliokuwa mkono wake wa kazi, kwa sababu hakuwa wa mashoto.

Sasa hebu chukua karata, au hata daftari lako, ujaribu. Michezo mingi ya karata imejengwa juu ya mikono miwili. Mmoja unashika, mwingine unachanga. Mmoja unaonyesha, mwingine unaficha. Vitabu vya sanaa hii viliandikwa na watu wenye mikono miwili kwa ajili ya watu wenye mikono miwili. Mtoto yule hakuwa na kitabu cha kumfaa wala mwalimu wa kumwigiza. Ilimbidi kila hatua aitafute upya, vidole vitano vya kushoto vikijifunza kushika pakiti, kuikata, kuichanga, na kusukuma karata moja moja kwa kidole gumba. Nimejaribu kuchanga kwa mkono mmoja. Zilimwagika zote sakafuni, na hapo sijazungumzia kuficha chochote.

Alipokuwa kijana familia yake ilihamia Tandil, mji ulio kusini mwa Buenos Aires. Huko aliajiriwa benki. Naam, benki! Mchana makaratasi ya watu, usiku karata zake. Aliendelea hivyo mpaka umri wake ukapita miaka thelathini. Nataka msomaji aliangalie jambo hilo, kwa kuwa sisi tukisikia mtu ana kipaji tunadhani alilala akaamka nacho. Huyu alifanya mazoezi zaidi ya miaka ishirini kabla ya kuifanya sanaa hiyo kazi ya kumlisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndipo alipoacha benki na kupanda jukwaa la Buenos Aires, na haukupita muda akaalikwa Marekani, akaonekana hata katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan kilichokuwa kikitazamwa na mamilioni.

Hapo angeweza kutulia. Mtu wa mkono mmoja anayecheza karata ni ajabu ya kutosha, na watu wangelipa tu kuja kumhurumia. Lakini yeye aliona kasoro katika sanaa yenyewe. Kila mtu huamini kwamba mazingaombwe ni wepesi wa mkono. Hata jina la sanaa hii kwa Kihispania lina maana ya wepesi wa vidole. Lavand akalipindua. Sanaa yake akaiita lentidigitación, yaani vidole vya polepole.

Polepole! Mimi niliposikia hivyo nilifikiri ni mzaha, maana siri yangu yote ilikuwa kukimbiza mkono. Sarafu ikiwa kiganjani nilikuwa naipitisha upesi kama mtu anayefukuza nzi, na rafiki yangu alikuwa akipiga kelele, "Iko mkono wa kushoto!" Kila mara alipata. Nimekuja kuelewa sababu. Mkono unaokimbia unajishtaki wenyewe. Mtazamaji akiuona anajua hapo ndipo pana jambo, naye anakodoa macho papo hapo. Mkono uliotulia haumshtui mtu. Anaufuata kwa raha, akingojea mchezo uanze, kumbe umeshaanza zamani. Tena akili ina tabia ya kujaza yale ambayo jicho halikuyaona. Ukiona karata nyeusi imewekwa mezani mara mbili, ya tatu huiangalii sana. Unajiambia tu ni nyeusi. Ni wewe uliyejidanganya. Yeye amekungojea tu.

Mchezo wake mmoja mashuhuri wanamazingaombwe huuita mafuta na maji. Anachukua karata chache nyekundu na chache nyeusi, anazipanga moja nyekundu, moja nyeusi, moja nyekundu, moja nyeusi. Umeona mwenyewe. Anazifunua, na nyekundu zimekaa upande wao, nyeusi upande wao, kama mafuta yanavyojitenga na maji. Anarudia, polepole zaidi. Zimejitenga. Halafu anasema kwamba haiwezekani kufanya polepole kuliko hapo, ananyamaza kidogo, na kuongeza kuwa labda inawezekana. Anarudia tena, polepole hivyo hivyo, unaweza hata kuhesabu pumzi zake. Zimejitenga! Niliisimamisha ile video mara kumi na moja. Sikuona kitu.

Mchezo mwingine hautumii hata karata. Ni kikombe na vipunje vitatu vya mkate, kama vile vinavyobaki mezani baada ya chai. Kimoja anakitupa mbali. Kikombeni vimebaki vitatu. Anatupa tena. Vitatu. Ndiyo yote. Hakuna moshi, hakuna sanduku la vioo, hakuna msichana wa kukatwa msumeno. Naona hapa ndipo alipokomaa, kwa sababu kadiri miaka ilivyosonga alizidi kupunguza vitu na kuongeza maneno. Kila mchezo aliupa hadithi, na nyingine aliandikiwa na marafiki zake waandishi. Sauti yake ni nzito na haina haraka. Mimi sijui Kihispania hata neno moja, nilisoma maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini, lakini hata bila maandishi ungekaa kimya. Sikio likishughulika na hadithi, jicho linasahau ulinzi. Sisi wana wa Kiswahili tuliolelewa na "Paukwa! Pakawa!" tunajua mtu anavyosahau hata njaa.

Aliigiza pia katika filamu ya kwao iitwayo Un oso rojo mwaka wa 2002. Hata hivyo hakuhama Tandil. Wanafunzi walimfuata huko huko nyumbani kwake, wengi wao wenye mikono miwili kamili, kujifunza kwa mwenye mmoja. Alifariki mwezi wa Februari mwaka wa 2015, akiwa na umri wa miaka 86.

Habari hizi nilimsomea mama jikoni wiki iliyopita, yeye akichagua maharagwe kwenye ungo. Alisikiliza bila kuinua uso. Nilipofika penye gari kumkanyaga mtoto akasema, "Maskini!" Nilipofika penye benki akasema, "Na kazi hakuacha. Umesikia hapo?" Nikasema nimesikia, mama.

Nilipomaliza nikaomba maharagwe matatu na kikombe cha bati. Nikatupa moja upande wa mlango, polepole, nikafungua kikombe. Matatu. Mama aliacha kuchagua. Nikatupa tena. Matatu. Akanitazama mimi, akatazama kikombe, akanitazama mikononi. Mara ya tatu jasho likanitoka, vidole vikaharakisha, na harage nililokuwa nimelificha likaniponyoka, likabingirika hadi mguuni pake.

Mama aliliokota, akalipangusa kwa leso, akanirudishia.

"Una haraka," akasema. "Anza tena."