Jeanne Altmann na Akina Mama wa Amboseli

Kwa muda mrefu, habari za nyani ziliandikwa kana kwamba kundi zima ni madume. Nani kampiga nani, nani kampindua nani: hayo ndiyo yaliyojaza madaftari ya watafiti. Dume akipigana, vumbi hutimka na kila jicho hugeuka. Jike anayechimba nyasi huku mtoto amemng'ang'ania tumboni hana kishindo, basi hakuandikwa.

Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kurekebisha kasoro hiyo ni Mmarekani Jeanne Altmann, na uwanja wake wa utafiti ulikuwa Kenya. Alizaliwa New York mwaka 1940, na chuoni alisomea hisabati, si wanyama. Mwaka 1963 alifika Amboseli, chini ya Mlima Kilimanjaro, pamoja na mumewe Stuart Altmann, mtaalamu wa tabia za wanyama. Mwaka 1971 wakaanzisha uchunguzi wa kudumu wa nyani wa huko, na kazi hiyo imeendelea kwa zaidi ya nusu karne.

Hisabati ndiyo iliyomfumbua macho. Aliona kwamba mtafiti anayeandika kile tu kinachomvutia hupata picha iliyopinda, hata awe mwangalifu namna gani. Mwaka 1974 akachapisha makala kuhusu namna ya kuchunguza tabia, na humo akaeleza utaratibu ulio rahisi kuusema lakini mgumu kuutii. Mchague mnyama mmoja kwa ratiba, si kwa mvuto wake. Mfuate kwa dakika ulizopanga, uandike kila anachofanya, hata kama pembeni madume wanararuana. Dakika zikiisha, hamia kwa mwingine. Aliyetulia apate muda sawa na mgomvi. Makala hiyo ni miongoni mwa zinazonukuliwa zaidi katika fani nzima ya tabia za wanyama.

Kwa kipimo hicho, akina mama wakaonekana. Katikati ya miaka ya 1970 Altmann alifuatilia majike na watoto wao katika kundi lililoitwa la Alto, na mwaka 1980 akatoa kitabu *Baboon Mothers and Infants*. Kinaeleza maisha ya mzazi asiye na likizo. Jike hubeba mimba kwa miezi sita hivi. Mtoto huzaliwa na manyoya meusi na uso wa waridi, na kundi halimngojei mzazi apate nguvu. Likiondoka kwenye migunga asubuhi kwenda malishoni, naye huondoka, akitembea kwa miguu mitatu huku mkono mmoja umeshikilia kichanga ambacho bado hakijajua kujishika vizuri. Sehemu kubwa ya mchana huenda kwenye kutembea na kutafuta chakula, na maziwa lazima yapatikane humo humo.

Tofauti ya hulka nayo ikajitokeza. Wako akina mama wa kubana: mtoto akisogea hatua chache, mama humvuta mguu au mkia na kumrudisha kifuani. Na wako wa kuachia: mtoto hutambaa, huchezea majani, huenda kwa wenzake, na mama anaendelea kula. Mtu angeweza kusema upesi kwamba huyu ana mapenzi na yule ni mzembe, au kwamba huyu ana wasiwasi na yule anajiamini. Altmann alitazama mbali zaidi, akauliza kila mama ana cheo gani katika kundi.

Majike wa nyani hawa kwa kawaida huishi na kufa katika kundi walimozaliwa, na binti hurithi daraja karibu na la mama yake. Mtoto wa jike wa chini anaweza kunyakuliwa na jike wa juu, na mama yake asiwe na uwezo wa kumdai. Mtoto wa jike wa juu ni vigumu kuguswa. Hivyo waliobana walikuwa zaidi wale wa chini, na walioachia ni wale ambao hakuna wa kuwasumbua. Kila njia ina gharama yake. Altmann alieleza kwamba kubana humlinda mtoto katika miezi ya mwanzo, ila huchelewesha kujitegemea. Mtoto aliyeachiwa hukabili hatari mapema, lakini akifiwa na mama ana nafasi nzuri zaidi ya kujimudu.

Hapo ndipo naona uzito wa kazi hii. Katika maabara ya Wisconsin, Marekani, mwanasaikolojia Harry Harlow alikuwa ameshaonyesha, kwa kuwatenga watoto wa kima na mama zao, kwamba mtoto huhitaji mguso na si maziwa peke yake. Lakini ndani ya kizimba hakuna ukame, hakuna kundi la kufuata, hakuna jike wa juu anayekodolea macho kichanga chako. Amboseli iliyarudisha mapenzi ya mama mahali yanapoishi, katikati ya njaa, cheo na majirani.

Na kwa kuwa daftari halikufungwa, majibu yakazidi kuja. Mwaka 2003, Joan Silk, Susan Alberts na Altmann walitumia kumbukumbu za miaka 16 kuonyesha kwamba watoto wa majike wenye ushirika mzuri na wenzao, wale wanaokaa pamoja na kuchambuana manyoya, walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuvuka mwaka wa kwanza, cheo cha mama kiwe chochote. Mwaka 2016, utafiti wa majike 196 ulihesabu misiba ya utotoni: ukame, msongamano wa kundi, mama wa daraja la chini, mama mpweke, kufiwa na mama, na kufuatwa upesi na mdogo. Waliopatwa na mitatu au zaidi walikufa takribani miaka 10 mapema kuliko waliopatwa na mmoja au wasiopatwa kabisa. Miaka mitatu baadaye ikaonekana kwamba jike aliyefiwa na mama utotoni huzaa watoto wenye nafasi ndogo zaidi ya kuishi.

Matokeo hayo yasingepatikana bila Wakenya wanaowatambua nyani hao mmoja mmoja kwa sura na mwendo. Raphael Mututua, Serah Sayialel na Kinyua Warutere wamefanya kazi hiyo kwa miongo, na majina yao yamo katika makala za kisayansi. Sifa za Amboseli zikitajwa, nao watajwe.

Nyani si binadamu, na mtafiti makini hapimi familia zetu kwa familia zao. Lakini njia ya Altmann tunaweza kuichukua bila woga. Sisi ni wepesi wa kumhukumu mzazi: huyu kambana mno mwanawe, yule kamwachia mno. Mara chache tunauliza anaishi kati ya nani, nani anaweza kumnyang'anya, nani atamshika mkono akichoka. Anayetaka watoto wanusurike aanze na maswali hayo, kwa sababu mama mwenye wenzake ni kinga ya mwanawe, na wenzake hao ni sisi.