Kinachokuja Baada ya "Hadi"

"Shule yenu ni ndogo hadi mwalimu akigeukia ubao, dawati la nyuma linatoka nje."

"Na yenu ni maskini hadi kengele ni ya muuza aiskrimu. Siku asipopita, hamwendi nyumbani!"

Kundi zima likalipuka: "Umechongolewa!" Yule wa kwanza akabaki kujikuna kichwa. Ni watoto wa shule, saa kumi jioni, Mukuru kwa Njenga, mtaa wenye vijiji vinavyoitwa Vietnam na Wapewape. Ucheshi hawakuufuata mbali.

Bawaba ya mchongoano, mchezo huu wa kutaniana kwa chuku, ni hilo neno "hadi". Lililo kabla yake ni kweli na kila mtu pale analijua: shule ni ndogo, pesa hakuna. Lililo baada yake haliwezekani. Lakini mbona jibu limelishinda shambulio? Dawati kutoka nje ni chuku tu, imeishia hapo. Kengele ya kuazima ina sheria yake. Ukishaikubali, kulala shuleni kunafuata kama hesabu.

Wajapani wana katuni nzima zilizojengwa hivyo. Niipendayo ni Nichijou, yaani "maisha ya kila siku", iliyotokana na hadithi za picha za Keiichi Arawi; studio ya Kyoto Animation iliitoa mwaka 2011, vipindi 26. Humo kuna Nano, msichana roboti aliyeundwa na mtoto wa miaka 8, ufunguo mkubwa umechomoza mgongoni kama kikaragosi cha kuzungusha. Hofu yake ni ile ya mgeni yeyote darasani: wenzake wasije wakamwona tofauti. Na yupo mwalimu mkuu, mzee wa suti na heshima zake, ambaye siku moja anapigana mieleka na kulungu uani huku mwanafunzi akichungulia dirishani. Anamdaka kwa nyuma, anajipinda, anambwaga. Wachoraji wameuchora mpambano huo kama fainali. Wangeuchora ovyoovyo, kicheko kingekufa.

Tofauti ipo. Manzai, vichekesho vya jukwaani vya Wajapani, huwa na watu wawili: mmoja anaropoka, wa pili anamkemea, na katuni za shule zimeirithi jozi hiyo. Mukuru mkemeaji hayupo. Kuna kundi, nalo halikemei, linahukumu. Kwa hiyo mchongoaji hodari halicheki neno lake mwenyewe. Yule wa aiskrimu alilisema huku anafunga kamba za viatu, na macho hakuyainua.